Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kipimo cha ANA na Ugonjwa wa Lupus

  Kama uko jikoni, punguza moto chini ya sufuria, uketi nasi kidogo. Na kama unayasoma mazungumzo haya kijitabuni, mwite jirani yako msome pamoja.

Leo tunazungumza kuhusu kipimo cha damu ambacho akina mama wengi huandikiwa bila kuelezwa maana yake. Kwenye fomu ya maabara huandikwa herufi tatu tu: ANA. Tutaeleza kinapima nini, kinahusiana vipi na ugonjwa wa lupus, na ufanye nini ukipewa karatasi iliyoandikwa kwamba ANA yako ni chanya.

Homa isiyokwisha

Hebu tuchukue mfano. Fikiria mama wa miaka 28 anayeuza mitumba Makongeni. Kwa miezi kadhaa amekuwa akipata homa jioni. Asubuhi vidole vyake vimekaza, hawezi hata kufunga vifungo vya sare ya mtoto wa shule. Anaenda duka la dawa, anaambiwa ni malaria. Anameza dozi, homa inapungua, kisha inarudi. Anaambiwa ni taifodi. Anachomwa sindano siku saba. Homa inarudi tena. Sasa anaambiwa ni brusela.

Wakati huo huo nywele zimeanza kunyonyoka na uso umeota mabaka. Majirani wananong'ona kwamba ni UKIMWI. Anapimwa mara mbili, hana virusi. Wengine wanasema amerogwa. Pesa za mtaji zimekwisha. Mwishowe daktari mmoja anampima mkojo, anamwuliza maswali mengi, na kumwandikia kipimo cha ANA. Majibu yanarudi: chanya, 1:640. Mama huyu anapanda matatu kurudi nyumbani na karatasi mkononi, hajui kama amehukumiwa kufa au kupona.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini njia aliyopitia ni ya wengi. Kuna jambo moja ambalo lingeweza kumshtua mapema. Kaunti ya Kiambu iko katika nyanda za juu ambako malaria ni kidogo, tofauti na kando ya Ziwa Viktoria au pwani. Kama hujasafiri sehemu hizo, na unatibiwa malaria mara ya pili au ya tatu bila damu yako kupimwa, uliza: "Daktari, una hakika ni malaria?" Hali kadhalika taifodi. Kipimo cha Widal kinachotumiwa katika kliniki nyingi ndogo kinaweza kuonyesha chanya hata kwa mtu ambaye hana taifodi kamwe. Homa inayorudi baada ya dozi kamili inataka uchunguzi mpya. Usiitibu kwa dozi ile ile tena.

Askari wanaposhambulia boma lao

Wengi wetu tulisikia habari za askari wa mwili wakati wa mafunzo ya UKIMWI. Tulifundishwa kwamba mwili una kinga yake, na kwamba virusi vya UKIMWI huwaua askari hao hadi mwili ukabaki bila ulinzi.

Lupus ni kinyume cha hayo. Hapa askari wapo, tena wana bidii kupita kiasi, lakini wamekosa kumtambua adui. Wanawashambulia wenye boma. Magonjwa ya namna hii huitwa magonjwa ya kinga kujishambulia. Ndiyo maana tumechagua ile methali ya wahenga: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hivyo lupus haiambukizwi. Huwezi kuipata kwa kula pamoja na mgonjwa, kwa kulala naye, kwa kumnyonyesha mtoto wala kwa damu. Si laana, na si adhabu ya kosa lolote.

Askari wa mwili wana silaha nyingi. Mojawapo ni antibodi. Antibodi ni chembe ndogo sana zinazoogelea katika damu, na kila moja imeundwa ishike kitu kimoja maalum. Ukichanjwa dhidi ya surua, mwili hutengeneza antibodi za kushika virusi vya surua. Hiyo ni kazi njema.

Sasa, mwili wako umejengwa kwa seli nyingi mno, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ndani ya kila seli, isipokuwa chache kama zile nyekundu za damu, mna kiini. Kiini ndicho ofisi kuu ya seli, na humo ndimo zinamowekwa nakala za urithi ulizopewa na baba na mama. Kiini kimefungiwa ndani. Kwa kawaida askari wa mwili hawakioni.

Lakini kila siku seli nyingi huzeeka na kufa, na mwili huwa na wafagiaji wa kuondoa mabaki. Kwa watu wengine wafagiaji hawa hawamalizi kazi. Vipande vya viini vinabaki vimetapakaa, askari wanaviona, na kwa kutovizoea wanadhani ni adui. Wanatengeneza antibodi za kuvishika. Antibodi hizi zinazoshika kiini cha seli ndizo kipimo cha ANA kinazitafuta. Tutaziita antibodi za kiini.

Baadhi ya antibodi hizi hazina madhara makubwa. Nyingine hushikana na vipande vya kiini, zikawa mafundo madogo yanayosafirishwa na damu. Mafundo hayo yakinasa kwenye chujio za figo, figo huvimba na kuanza kuvuja. Yakinasa kwenye mishipa midogo ya ngozi, ngozi hutoka mabaka. Ndipo ugonjwa unapoonekana.

Jinsi kipimo kinavyofanywa

Utatolewa damu kidogo mkononi. Huhitaji kukaa na njaa. Huenda damu yako ikatumwa katika maabara kubwa zaidi, na majibu yakachukua siku kadhaa.

Huko maabara, kuna kioo chembamba chenye seli za binadamu zilizokuzwa kwa kazi hiyo. Maji ya damu yako hudondoshwa juu yake. Kama una antibodi za kiini, zitashika viini vya seli zile. Kioo huoshwa, kisha hutiwa rangi maalum inayoshika antibodi. Mtaalamu anatazama kwa darubini katika chumba chenye giza. Kama antibodi zipo, viini vinang'aa kijani. Kama hazipo, ni giza tu.

Na zile namba, 1:80 au 1:640, maana yake nini? Fikiria juisi ya nanasi la Thika. Chukua kijiko kimoja cha juisi, ongeza vijiko 79 vya maji. Hiyo ni 1:80. Kama bado unaonja nanasi, juisi ilikuwa nzito. Maabara hufanya hivyo hivyo na damu yako: wanaongeza maji hatua kwa hatua, 1:40, 1:80, 1:160, 1:320, 1:640, mpaka mng'ao upotee. Kwa hivyo namba kubwa maana yake antibodi ni nyingi. Haina maana kwamba ugonjwa ni mkali. Mtu wa 1:640 anaweza kuwa na nafuu kuliko mtu wa 1:160.

Majibu pia hueleza jinsi viini vilivyong'aa: vyote sawasawa, kwa madoadoa, au sehemu fulani tu. Hayo humsaidia daktari kuchagua vipimo vinavyofuata.

Si kila wingu huleta mvua

Mama mpendwa, hapa ndipo tunataka usikilize kwa makini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli. Lakini mara ngapi umeanua nguo kambani kwa sababu ya wingu, na mvua isinyeshe?

ANA ni kama wingu. Mwaka 1997 watafiti wa nchi kadhaa walichapisha matokeo ya kupima watu wazima wenye afya njema. Kwa kiwango cha 1:40, karibu watu 32 katika kila 100 walikuwa chanya. Kwa 1:80 walikuwa 13. Kwa 1:160 walikuwa 5, na kwa 1:320 walikuwa 3. Hao ni watu wazima wenye afya. Lupus yenyewe haimpati hata mtu mmoja katika 100. Kwa hivyo ukiwapima akina mama wote wa chama chako, kuna uwezekano mkubwa utapata mmoja au wawili walio chanya, na wote wasiwe na lupus.

Mambo mengine pia huleta wingu hili. Malaria inaweza kufanya ANA iwe chanya kwa muda. Kifua kikuu na homa ya ini pia. Baadhi ya dawa hufanya hivyo: aisonaiazidi inayotumiwa kutibu na kuzuia kifua kikuu, na haidralazini ya presha. Wengi wanaozimeza hawaugui chochote kwa sababu hiyo, kwa hivyo usiache dawa yako ya kifua kikuu kwa kuogopa ANA. Mwambie tu daktari ni dawa zipi unazomeza. Tena ndugu wa damu wa mgonjwa wa lupus wanaweza kuwa chanya bila kuugua maishani mwao.

Kuna magonjwa mengine ya kinga kujishambulia yanayoonyesha ANA chanya. Kuna ule wa ngozi kukakamaa, ule wa macho na mdomo kukauka, ugonjwa wa ini, na baadhi ya magonjwa ya tezi la shingo.

Basi kipimo hiki kina faida gani? Faida yake kubwa ni kwamba karibu wagonjwa wote wa lupus wana antibodi za kiini: zaidi ya 95 katika 100. Kwa hivyo kama ANA yako ni hasi, lupus haielekei kuwa ndiyo shida, na daktari atatafuta kwingine. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa viungo vya Ulaya na Marekani vilikubaliana hivi kwa ajili ya utafiti: mtu hahesabiwi kuwa na lupus mpaka ANA yake ifike angalau 1:80. Lakini huo ni mlango tu. Ukishaingia, ni lazima dalili za mwilini na vipimo vingine vikubaliane.

Tena wingu huweza kutangulia mvua kwa muda mrefu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitoa taarifa kuhusu damu ya wanajeshi iliyokuwa imehifadhiwa miaka mingi. Walitazama wanajeshi 130 ambao baadaye waliugua lupus. Kati yao, 115 walikuwa na antibodi za kujishambulia katika damu kabla ya kugunduliwa kuwa wagonjwa, wengine miaka mingi kabla. Kwa hivyo kama ANA yako ni chanya na huna dalili, hupewi dawa. Unakaa macho.

Dalili za kukaa macho

Katika kila wagonjwa 10 wa lupus, 9 ni wanawake, na wengi ni wa umri wa kuzaa. Ziangalie dalili hizi kwako, kwa binti yako na kwa msichana anayekusaidia kazi:

- Viungo vya vidole, viganja au magoti vinauma na kuvimba pande zote mbili, hasa asubuhi, kwa zaidi ya wiki 6.
- Homa zinazorudi bila sababu kupatikana, na uchovu usioisha hata ukilala.
- Mabaka usoni, juu ya mashavu na pua, yenye umbo la kipepeo. Vitabu vingi husema ni mekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Usingoje wekundu.
- Mabaka ya duara yanayoacha makovu, hasa masikioni na kichwani.
- Ngozi kuharibika au mwili kuugua baada ya kukaa juani.
- Vidonda mdomoni ambavyo mara nyingi haviumi.
- Nywele kunyonyoka.
- Kifua kuchoma ukivuta pumzi ndefu.
- Vidole kubadilika rangi na kufa ganzi kwenye baridi, kama ile ya mwezi wa Julai.
- Mkojo wenye povu jingi, miguu na macho kuvimba, presha kupanda.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu figo huharibika bila kuuma. Kipimo cha mkojo kwa kijiti ni cha bei ndogo na majibu hutoka papo hapo. Ni kipimo kile kile unachofanyiwa kliniki ukiwa mjamzito. Mama wa mfano wetu alipimwa ANA baada ya daktari kuona protini kwenye mkojo. Mkojo ndio uliofungua njia.

Dalili moja peke yake haitoshi kukutia hofu. Lakini ukiwa na mbili au tatu pamoja, usiendelee kununua dawa dukani. Nenda hospitali.

Ukiwa mjamzito au unatarajia kuzaa

Antibodi za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kwa kawaida hiyo ni baraka, maana humkinga mtoto. Lakini kuna aina moja ya antibodi za kiini, iitwayo antibodi ya Ro, inayoweza kudhuru waya za moyo wa mtoto, hata mama mwenyewe akiwa hajisikii mgonjwa. Katika kila wajawazito 100 wenye antibodi hii, mtoto mmoja au wawili hupata tatizo la mapigo ya moyo kwenda polepole sana. Mara nyingi tatizo huanza kati ya wiki ya 16 na ya 26. Ndiyo sababu mjamzito mwenye antibodi ya Ro husikilizwa moyo wa mtoto mara kwa mara. Kama tayari alizaa mtoto mwenye shida hiyo, dawa ya haidroksiklorokwini hupunguza hatari ya kurudia.

Watoto wengine huzaliwa salama lakini wanatoka mabaka ya duara usoni wiki za kwanza. Nyanya atasema ni upele wa kawaida, na huenda ni kweli, lakini mwonyeshe daktari. Kama ni antibodi za mama, mabaka huisha yenyewe mtoto akikaribia miezi 6 hadi 8, antibodi hizo zinapokwisha mwilini mwake. Kitu cha kuangaliwa haraka ni moyo.

Jambo la pili. Baadhi ya wagonjwa wa lupus wana antibodi nyingine zinazogandisha damu. Hizi zinaweza kusababisha mimba kutoka mara kwa mara. Mama, kama umepoteza mimba mara kadhaa, usikubali kuambiwa ni mkosi wa ukoo. Omba uchunguzi, kwa sababu kuna matibabu.

Antibodi hizo hizo zinaweza kudanganya kipimo cha kaswende kiitwacho VDRL. Mama anapimwa kliniki, anaambiwa ana kaswende, na vita vinaanza nyumbani. Ikikutokea, usikatae sindano ya muuguzi, kwa sababu kaswende ya kweli humdhuru sana mtoto. Lakini omba kipimo cha pili cha kuthibitisha, na umweleze muuguzi kama una maumivu ya viungo au mimba zimewahi kutoka. Usivunje ndoa kwa karatasi moja.

Wengi wenye lupus huzaa watoto wazima. Siri ni kupanga. Ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 kabla ya mimba, na dawa zikaguliwe na daktari, kwa sababu nyingine hazifai kwa mjamzito. Ukienda kupanga uzazi, mweleze muuguzi kwamba una lupus. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai kila mgonjwa.

Mtoto mwenye viungo vinavyovimba

Watoto nao hupata ugonjwa wa viungo. Kama goti la mtoto limevimba zaidi ya wiki 6 na hakuanguka, usilikande tu kwa maji moto. Kwa watoto wenye ugonjwa huo, ANA chanya huonya jambo ambalo wengi hawalitarajii: macho. Ndani ya jicho huweza kuvimba polepole, bila wekundu wala maumivu, mpaka mtoto apoteze uwezo wa kuona. Mtoto huyu anahitaji kupimwa macho na daktari kila baada ya miezi michache hata kama anasema anaona vizuri. Lakini mtoto anayecheza, asiye na uvimbe wala homa, hana haja ya kupimwa ANA.

Matibabu

Lupus haina dawa ya kuimaliza, kama vile presha na kisukari, lakini inatulizwa. Dawa ya kwanza itawashangaza wazee wetu. Mnaikumbuka klorokwini, ile ya malaria iliyokuwa chungu na kuwasha mwili? Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ndiyo msingi wa matibabu ya lupus ulimwenguni. Huwatuliza askari bila kuwaua, na humezwa hata wakati wa mimba na kunyonyesha. Macho hukaguliwa unapoanza, na kila mwaka baada ya miaka 5 au mapema zaidi daktari akisema hivyo.

Ugonjwa ukiwa mkali, daktari huongeza predinisoloni au dawa nyingine kali zaidi za kupunguza nguvu ya kinga. Predinisoloni usiiache ghafla, unaweza kuzimia. Na jihadhari na dawa za viungo zisizo na lebo zinazouzwa stendi ya matatu. Hujui ndani mna nini.

Wewe mwenyewe pia una kazi. Jua huamsha lupus, kwa hivyo vaa kofia pana, leso na mikono mirefu, na ukiuza sokoni tafuta kivuli au mwavuli. Usivute sigara. Kabla ya chanjo yoyote, sema unameza dawa gani.

Maswali ambayo akina mama huuliza

*Je, nijipeleke kupimwa ANA ili nijue mapema?* Hapana. Bila dalili, kipimo hiki huleta hofu kuliko faida. Ukiwa na pesa kidogo, ni heri upime mkojo na presha.

*Nilikuwa chanya. Nirudie kila mwezi nione kama inashuka?* Hapana. ANA ikishakuwa chanya, kuirudia hakusaidii. Daktari hufuata ugonjwa kwa mkojo, damu ya figo, na vipimo vingine.

*Niende wapi?* Anzia Hospitali ya Ruiru Level 4 au Thika Level 5, ombeni barua ya rufaa ikihitajika. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache nchini. Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kliniki yao. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, kwa hivyo hakikisha umejiandikisha, na uulize hospitalini ni huduma zipi zinalipiwa kabla ya kutolewa damu.

*Zamani ugonjwa huu haukuwepo. Umetoka wapi?* Ulikuwepo. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa machache huko, akafikiri labda malaria na vimelea vingine huizuia kinga isikasirike. Huenda kuna ukweli. Lakini pia, ambako hakuna kipimo, ugonjwa hauna jina. Wangapi walizikwa ikasemwa ni malaria au uchawi?

Mambo ya kukumbuka

1. ANA chanya peke yake si lupus. ANA chanya pamoja na dalili inataka daktari.
2. ANA hasi hufanya lupus isielekee kuwa ndiyo shida.
3. Homa inayorudi baada ya dozi kamili ichunguzwe upya.
4. Mkojo na presha vipimwe. Figo huharibika kimya kimya.
5. Lupus haiambukizwi. Mgonjwa asitengwe.
6. Mjamzito mwenye lupus au antibodi ya Ro aseme kliniki mapema.

Na yule mama wa Makongeni aliyeshika karatasi kwenye matatu? Karatasi yake haijamhukumu. Ana viungo vinavyovimba, mabaka usoni, homa na protini kwenye mkojo, na sasa wingu zito la 1:640. Haya yote pamoja yanamwambia asikae nyumbani. Kesho asubuhi arudi kwa yule daktari, abebe karatasi zote za vipimo vya nyuma pamoja na majina ya dawa zote alizomeza, na aende na mtu wa kumsindikiza. Figo zake bado zinaweza kuokolewa, na akawafunga watoto wake vifungo vya sare tena.

Kama unamjua mama kama huyo mtaani kwako, Kiandutu, Landless, Kimbo au Githurai, usimnong'one. Msindikize.